Tathmini ya Darasa la Vipimo na Ugeuzaji wa Vizio Mjini Malindi: Lina Thamani, Ila Inchi Haikutendewa Haki

Darasa ninalolitathmini hapa ni sehemu ya kwanza ya kozi ya msingi ya uhandisi inayotolewa jioni na mwisho wa juma na chuo kimoja cha ufundi hapa Malindi. Sehemu hiyo inahusu vipimo: namna ya kupima urefu, masi, muda, joto na shinikizo, namna ya kuandika kilichopimwa, na namna ya kukihamisha kutoka kizio kimoja hadi kingine, kama vile kutoka futi hadi mita, kutoka ratili hadi kilo au kutoka galoni hadi lita, bila kukipotosha njiani. Jina la chuo nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa nina sifa za kukipa na nina malalamiko pia, na wakazi wa mji huu watakaotaka kujiandikisha hawatapata taabu kukitambua. Mimi ni msimamizi wa ujenzi. Nimesimamia nyumba na mabwawa ya kuogelea kuanzia Casuarina hadi Mambrui, na nilijiunga na darasa pamoja na vijana wawili ninaofanya kazi nao, kwa sababu nilitaka wajifunze hesabu za kazi yetu kwa mtu aliyezisomea badala ya kuziokota kwangu vipande vipande.

Nitangulize uamuzi wangu. Darasa hili linastahili karo yake, na sababu kubwa ni moja: halimruhusu mwanafunzi kuandika namba yoyote bila kizio chake, tangu mstari wa kwanza wa hesabu hadi jibu. Lakini lina kasoro ambayo siwezi kuipuuza, nayo ni kwamba linafundisha kana kwamba mfumo wa mita ndio pekee unaotumika Malindi, ilhali maduka ya vifaa vya ujenzi kwenye barabara ya Lamu yanauza kwa mifumo miwili ndani ya risiti moja: mabati kwa mita, mbao kwa futi, nondo kwa milimita, bomba kwa inchi.

Mwalimu wetu ni mhandisi aliyestaafu kutoka katika kazi za maji, na njia yake ya kufundisha ugeuzaji ni ya zamani na ni imara. Kila ugeuzaji, anasema, ni kuzidisha kwa moja. Inchi 1 na milimita 25.4 ni urefu uleule, kwa hiyo ukiweka kimoja juu ya mstari wa kugawanya na kingine chini yake unapata moja, na kitu kikizidishwa kwa moja hakibadiliki. Kizio kinachoonekana juu na chini kinafutana, na kinachobaki ndicho kizio cha jibu. Ikiwa mwanafunzi alitaka milimita na kilichobaki ubaoni ni inchi za mraba kwa milimita, basi anajua papo hapo kwamba amegawanya palipotakiwa kuzidisha, hata kabla hajagusa kikokotoo. Vijana wengi wanaotoka Kidato cha Nne hufika darasani wakiwa wamekariri orodha ya namba za kuzidisha na za kugawanya. Hapa orodha hiyo inawekwa kando na badala yake wanapewa kanuni moja ambayo wanaweza kuitumia katika jambo lolote.

Mfano wa kwanza alioutumia ulikuwa wa hapahapa kwetu. Katika bahari iliyo mbele ya Ngomeni, kwenye majukwaa ya mradi wa San Marco, Waitalia walirusha roketi kati ya mwaka 1967 na 1988, na tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Uhuru ya Marekani, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei angani, ikapewa jina hilo kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Mwalimu aliuliza kwa nini watu watoke Italia na Marekani kuja kurushia roketi Ngomeni, kisha akaliacha darasa litafute jibu kwa hesabu. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, na dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, yaani sekunde 86,164. Ukigawanya unapata mita 465 kwa sekunde kuelekea mashariki, kasi ambayo roketi inapewa bure na ardhi yenyewe kabla injini haijawashwa, na Ngomeni, iliyo takriban digrii 3 kusini mwa ikweta, inapoteza sehemu ndogo mno ya kasi hiyo. Kisha tukatakiwa kuigeuza iwe kilomita 1,674 kwa saa, halafu iwe noti 904, yaani maili za baharini kwa saa, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi ni watu wa boti na noti ndiyo wanayoielewa. Hakuna aliyeruhusiwa kuzidisha kwa 3.6 mpaka aonyeshe inakotoka, yaani sekunde 3,600 za saa zikigawanywa kwa mita 1,000 za kilomita. Nimekaa katika mafunzo mengine ya muda mfupi ambamo namba hiyo inatolewa kama amri, na tofauti ya uelewa ni kubwa.

Somo lililowashika vijana wangu kuliko yote lilikuwa la ndege iliyoishiwa mafuta angani. Mwalimu alianza bila kutaja ndege. Aliandika ubaoni kwamba tangi lina lita 7,682 za mafuta, kwamba safari inahitaji kilo 22,300, na kwamba namba ya kugeuzia ni 1.77, kisha akauliza ziongezwe lita ngapi. Wanafunzi wengi waliipokea 1.77 kama ilivyo, wakazidisha, wakatoa, wakagawanya, na wakapata lita zipatazo 4,917. Ndipo alipoeleza kwamba hesabu hiyohiyo ilifanywa tarehe 23 Julai 1983 kwa ndege ya Boeing 767 ya Air Canada, safari namba 143, wakati Kanada ilipokuwa ikihamia mfumo wa mita. Namba 1.77 ilikuwa ratili kwa lita, ndege ile mpya ilihesabu mafuta yake kwa kilo, na namba iliyofaa ilikuwa 0.803. Lita zilizohitajika zilikuwa 20,088. Ndege ilipaa ikiwa na chini ya nusu ya mafuta yake, injini zote mbili zikazimika njiani, na marubani wakaiteremsha bila injini hadi kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi la anga huko Gimli, ambako watu wote 69 waliokuwamo walinusurika. Darasa lilirudia hesabu, safari hii kila namba ikiwa na kizio chake, na wote waliona kwamba kama mtu mmoja tu angeandika maneno "ratili kwa lita" pembeni mwa 1.77, kosa lingejitokeza lenyewe, kwa kuwa ratili zisingeweza kutolewa kutoka katika kilo.

Alisimulia pia habari ya chombo cha Mars Climate Orbiter, kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika sayari ya Mirihi kwa sababu programu moja ya kompyuta ilitoa hesabu kwa mfumo wa ratili na nyingine ikazipokea kama nyutoni, kizio cha kani cha mfumo wa mita. Ni kisa maarufu katika uhandisi, lakini kwa maoni yangu kile cha ndege kinafundisha zaidi, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kukirudia kwa kalamu na karatasi, tarakimu kwa tarakimu, na kuona mahali hasa hesabu ilipoharibika.

Sehemu ya eneo na ujazo ndiyo ambayo ningependa kila mnunuzi wa ardhi wa Malindi aihudhurie, hata kama hana haja na uhandisi. Ploti ya "hamsini kwa mia" inatajwa kila siku mjini hapa kuwa ni moja ya nane ya ekari. Tulipewa kazi ya kuithibitisha kauli hiyo. Futi 50 ni mita 15.24 na futi 100 ni mita 30.48, kwa hiyo eneo ni mita za mraba 464.5. Ekari ni futi za mraba 43,560, na moja ya nane yake ni futi za mraba 5,445, yaani mita za mraba 505.9. Ploti ya hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000 tu. Pengo ni mita za mraba 41, mahali pa vyumba viwili vikubwa, na mnunuzi anayelipa bei ya moja ya nane huku akipewa hamsini kwa mia anaiacha nafasi hiyo mikononi mwa muuzaji bila kujua. Mwalimu alitumia ploti hiyohiyo kuonyesha kosa linalotokea zaidi kuliko yote katika ugeuzaji wa eneo: mwanafunzi anachukua futi za mraba 5,000, anazidisha kwa 0.3048 mara moja, na kupata mita za mraba 1,524, zaidi ya mara tatu ya ukweli. Kizio kikiwa cha mraba, namba ya kugeuzia lazima itumike mara mbili; kikiwa cha ujazo, mara tatu. Wengine hulisikia hili na kuitikia, kisha hulisahau kwenye mtihani. Hapa ulilazimika kuandika mita kwa futi mara mbili kwa mkono wako, mpaka futi za mraba zikafutika zote, na njia hiyo haikuachi usahau.

Kuhusu ujazo, mfano ulikuwa bwawa la kuogelea, na hapa nilisikiliza kwa makini kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Bwawa la mita 10.0 kwa 5.0 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 lina mita za ujazo 75, sawa na lita 75,000. Dawa nyingi za mabwawa zinazotoka Marekani huandikwa kipimo chake kwa kila galoni 10,000, na galoni hiyo ni lita 3.785, si lita 4.546 ya Kiingereza ambayo wazee wetu waliizoea. Kwa galoni ya Marekani bwawa lile lina karibu 19,800. Kwa ya Kiingereza, karibu 16,500. Anayechanganya hizo mbili anatia klorini pungufu kwa moja ya sita, na maji yanageuka kijani huku yeye akimlaumu aliyemuuzia dawa. Nguvu farasi nazo ni mbili, moja ya wati 746 na nyingine ya wati 735.5, jambo ambalo mafundi wa mashine za boti waliokuwa darasani walilipokea kwa mshangao, ingawa kwa mashine ya nguvu farasi 40 tofauti haifiki hata nusu kilowati.

Katika mfano huohuo wa bwawa mwalimu alikataa jibu la mwanafunzi aliyeandika galoni 19,812.9. Alimwuliza kina kilipimwa kuwa mita ngapi, na aliposikia ni 1.5, tarakimu mbili, alimwambia kwamba kikokotoo hakikuingia majini kupima, kwa hiyo hakiwezi kujua sehemu ya kumi ya galoni. Jibu la haki ni galoni 20,000. Suala hili la tarakimu zenye maana lilirudiwa katika kila zoezi, na alama zilikatwa kwa tarakimu za ziada kama zilivyokatwa kwa kizio kilichosahaulika. Wapo waliolalamika kwamba huo ni ukali usio na sababu. Mimi namuunga mkono, kwa kuwa fundi anayeandika urefu wa ukuta kuwa mita 6.2347 kwa tepu iliyogawanywa kwa milimita anamdanganya atakayekata nondo kwa kuutegemea.

Joto lilipita haraka, ila jambo moja lilitiliwa mkazo ipasavyo: kugeuza joto lenyewe si sawa na kugeuza badiliko la joto. Maji ya nyuzi 30 za Selsiasi ni nyuzi 86 za Farenhaiti, lakini kuongeza joto kwa nyuzi 5 za Selsiasi ni kuongeza nyuzi 9 za Farenhaiti, wala si 41. Masi na uzito navyo vilipewa muda mfupi. Nilifurahi kuona kwamba hatukupewa nyutoni 9.81 kwa kilo kama namba takatifu ya kugeuzia masi kuwa uzito, bali tulielezwa kwamba uvutano kwenye usawa wa bahari karibu na ikweta ni nyutoni 9.78 kwa kilo na huko kwenye ncha za dunia ni 9.83, hivyo mfuko wa saruji wa kilo 50 hapa Malindi una uzito wa nyutoni 489. Katika shinikizo, mfano wa tangi lililoinuliwa mita 10 juu ya bafu ulitosha: kilopaskali 98 hivi, karibu bari 1, au ratili 14 kwa inchi ya mraba, na kwa kujua hilo tu fundi wa maji anaweza kumweleza mwenye hoteli kwa nini bafu la ghorofa ya juu linatoa maji kwa unyonge.

Sasa nifike kwenye karakana, ambako darasa linainuka na kuanguka kwa wakati mmoja. Mafundisho ya matumizi ya vifaa ni mazuri sana. Tulionyeshwa kwamba kile kindoano cha chuma kilicho mwisho wa tepu ya kupimia kimelegezwa kwa makusudi na mtengenezaji, kicheze kwa kiasi cha unene wake wenyewe, ili ukikiangika kwenye ukingo wa ubao au ukikisukuma dhidi ya ukuta kipimo kiwe sahihi katika hali zote mbili. Nimewaona mafundi wengi wakikipiga nyundo kiache kucheza, wakidhani wanakitengeneza. Tulielezwa kwamba vipimo vya chuma hurekebishwa viwandani kwa joto la nyuzi 20, na kwamba tepu ya chuma ya mita 30 ikianikwa kwenye jua letu mpaka ifike nyuzi 45 inarefuka kwa milimita 9, kwa hiyo inasoma pungufu kwa kiasi hicho. Kwa mchimbaji wa msingi hiyo si kitu, lakini kwa anayeweka mipaka ya ploti nyingi mfululizo hizo ni milimita zinazojumlika. Tulifundishwa kusoma rula ya chuma kuanzia sentimita 10 ikiwa ncha yake imelika, kuliweka jicho wima juu ya alama ili usomaji usipotoke, na kuifunga kalipa ya venia, kile kifaa chenye taya mbili cha kupimia unene na kipenyo, kabla ya kila kazi ili kuona kama sifuri inakutana na sifuri.

Na hapo hasa ndipo kasoro ilipojionyesha. Ukizifunga kalipa za chuo hicho na kuziinua kwenye mwanga, baadhi yake zinapitisha mwanga kati ya taya zake. Hewa ya chumvi ya Malindi haina huruma na chuma, na vifaa vya kupima vinahitaji kupakwa mafuta kila baada ya kazi na kuhifadhiwa kwenye sanduku lililofungwa. Hapo chuoni vinawekwa kwenye rafu iliyo wazi upande wa dirisha la baharini. Maikromita, ambayo kazi yake ni kusoma sehemu ya mia ya milimita, haiwezi kufundishiwa ikiwa nyuzi za skrubu yake zina kutu. Isitoshe, kundi la jioni ni kubwa kuliko vifaa vilivyopo, hivyo wanafunzi hungojeana, na walio nyuma huondoka wakiwa wameitazama kalipa kuliko walivyoishika. Chuo kinachotoza karo kwa somo la vipimo kinapaswa kwanza kutunza vipimo vyake, na nilimweleza msimamizi wa karakana hivyo kwa heshima na bila kuficha.

Malalamiko yangu makubwa, hata hivyo, ni yale niliyoyagusa mwanzoni. Inchi ilifundishwa kama kizio cha kigeni cha kugeuzwa na kuachwa: milimita 25.4 kamili tangu makubaliano ya mwaka 1959, basi. Lakini mwanafunzi akitoka darasani na kwenda dukani anakutana na bomba la chuma la "nusu inchi", na akilipima kwa kalipa yake mpya anakuta kipenyo cha nje ni milimita 21.3, wala hakuna sehemu yoyote ya bomba hilo yenye milimita 12.7 kamili. Hiyo nusu inchi ni jina la saizi, si kipimo. Ubao wa "mbili kwa nne" nao ukishapigwa randa haubaki na inchi mbili wala nne. Fundi anayegeuza majina hayo kwa 25.4 na kuagiza viungio vya bomba kwa milimita alizozipata ataletewa vitu visivyoingiana, ilhali hesabu yake haina kosa lolote. Vivyo hivyo na spana: ya robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, hivyo ile ya milimita 19 inaishika nati yake karibu kikamilifu, lakini ya nusu inchi ni 12.7 na ile ya 13 inacheza kiasi cha kuila nati pembe zake. Haya yangetosha kipindi kizima, na yangewafaa wanafunzi wa mji huu kuliko kanuni nyingine kadhaa tulizofundishwa. Nilipoliuliza, nilijibiwa kwamba mtaala haukuyaweka. Mtaala hauwezi kujua kila duka, lakini mwalimu wa Malindi anajua.

Kuna jambo jingine lililokosekana ambalo nililisikitikia zaidi kwa upande wa moyo kuliko wa kazi. Vipimo vya pwani havikutajwa hata kidogo. Watu wa pwani walikuwa na mfumo kamili wa urefu: shubiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima, na pima ni karibu futi 6, kama mita 1.8. Kwa nafaka, vibaba viwili ni kisaga na visaga viwili ni pishi. Kila ngazi ni mara mbili ya iliyo chini yake, na sijui mfano bora zaidi wa kumfundisha anayeanza jinsi ya kupanga mlolongo wa ugeuzaji, kutoka pima hadi shubiri, hatua kwa hatua, kila kizio kikifutwa na kinachofuata. Biashara ya miti ya mikoko ya Lamu nayo iliipanga miti kwa unene, pau ikiwa nyembamba kuliko mazio, mazio kuliko boriti, boriti kuliko nguzo, na kuiuza kwa korija ya miti ishirini. Huo ni upangaji wa bidhaa kwa kipenyo, jambo lilelile ambalo wahandisi wanafundishwa chini ya jina la viwango. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akimsindikiza mjukuu wake darasani alimwuliza mwalimu, kwa adabu, "Mwalimu, na pima za bahari mtazisoma lini?" na mwalimu, ambaye nina hakika anazijua vizuri, alitabasamu akasema muda hautoshi. Kwa maoni yangu nusu saa ingetosha.

Katika mazoezi ya mwisho kulikuwa na swali moja linaloonyesha darasa hili lingeweza kuwa nini kama mifano yote ingeteuliwa kwa uangalifu huo. Tuliulizwa ni maji kiasi gani ya bahari yanayobeba chumvi ya kujaza mfuko wa kilo 50, swali la watu wanaoishi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni. Maji ya bahari yana densiti ya takriban kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, na kila kilo yake ina chumvi za aina zote zipatazo gramu 35; kwa hiyo mita moja ya ujazo ina kilo 36 hivi, na mfuko unahitaji takriban mita 1.4 za ujazo, yaani mitungi 70 ya lita 20. Swali hilo lilihitaji gramu zigeuzwe kilo, masi igeuzwe ujazo, mita za ujazo zigeuzwe lita, na makadirio yatajwe kuwa ni makadirio. Kijana wangu mmoja, ambaye baba yake aliwahi kufanya kazi huko, alilimaliza kabla ya wengine na akalieleza ubaoni bila kuruka kizio hata kimoja.

Kwa wanaofikiria kujiunga: karo inalipwa kwa awamu mbili, na hakuna sharti la alama za hisabati, ingawa asiyekumbuka sehemu na vipeo atapata shida wiki za mwanzo. Nukuu ni za Kiingereza lakini mwalimu anaeleza kwa Kiswahili na anapokea maswali kwa Kiswahili. Karakana ina joto kali alasiri, na umeme ukikatika masomo huendelea barazani. Aliyemaliza diploma ya uhandisi hatapata jipya hapa. Fundi wa ujenzi, wa maji, wa boti, muuza vifaa, na kijana anayesubiri kuingia chuo kikuu watafaidika, na kwao nalipendekeza. Aendaye achukue kalipa yake mwenyewe ikiwa anaweza kuinunua, aifunge na kuiangalia kwenye mwanga kabla ya kuilipia dukani, na aombe kuwekwa kundi la Jumamosi asubuhi, ambalo ni dogo kuliko la jioni na hupata zamu ndefu zaidi kwenye meza za karakana.